Cheti cha Mama

Jumamosi. Mvua ya Preston, ile isiyonyesha wala kukatika.
Desideria amekuja kwa basi kutoka Chorley.
Hakuvua koti. Nikajua ana neno.

Nimeweka birika jikoni. Chai ya majani hanywi tena,
na kahawa ndiyo kabisa; alizipa talaka siku moja.
Namchemshia mchaichai. Kanisa lao halijaukataza,
labda halijaujua.

Waliomwendea kwanza ni vijana wawili wenye tai,
miaka kumi na tisa, chunusi hazijawatoka,
na beji kifuani, kila mmoja yake: Mzee.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Mzee gani huyu, nikamuuliza,
anayempigia mama yake simu kila Jumatatu?
Yeye hakucheka. Walimpandishia friji ghorofa ya tatu
wakiwa hawajamjua hata jina.
Parokiani kwetu, miaka sita,
hakuna aliyejua kuwa hana friji.
Mimi nilijua.

Tangu hapo, mdogo wangu niliyelala naye kitanda kimoja
ana Mungu Baba mwenye mwili, nyama na mifupa,
na Mwana kando yake, wa kuhesabika kwa vidole;
mimi nimebaki na Nafsi tatu katika Mungu mmoja,
hesabu iliyonishinda, naipigia magoti tu.
Kwetu mtu huitwa mtakatifu akishakufa
na miujiza yake ikishapekuliwa Roma.
Kwao hata fundi bomba wa Leyland ni Mtakatifu,
na Jumapili anabariki mkate wa dukani
na maji, katika vikombe vidogo kama vya dawa ya kikohozi.
Divai hakuna. Msalaba ukutani hakuna.
"Tunamkumbuka aliye hai," anasema,
nami namtazama Yesu wangu wa plasta juu ya mlango, ubavu wazi,
kama mtu anayesengenywa naye yupo.

Leo amekuja kwa ajili ya Mama.

Kule hekaluni, kando ya barabara kuu,
chini ya mnara wenye malaika wa dhahabu,
kuna birika la kubatizia
juu ya migongo ya ng'ombe kumi na wawili.
Atazamishwa yeye, litatajwa jina la Mama.
"Si kumlazimisha, dada. Huko aliko atapelekewa habari.
Akitaka atapokea. Asipotaka atakataa."

Mama!
Aliyezikwa na rozari imezungushwa vidoleni mara mbili!
Aliyetuamsha kwa maji ya uso
tuwahi misa ya kwanza, umande ukitufika magotini!
Nikafungua kinywa.
Nikakumbuka bahasha ya Novemba,
jina lake ndani, na pauni kumi za misa
ili atoke toharani upesi.
Wala sikumuuliza kama yuko huko.

Birika likalia, la jikoni.

Fomu inataka tarehe ya kuzaliwa.
Mama alizaliwa mwaka wa nzige, basi.
Tarehe yenyewe imo katika karatasi moja tu duniani,
cheti cha ubatizo, ndani ya kopo langu la biskuti,
muhuri wa Mahenge, mwandiko wa padri Mswisi.
"Kwa hiyo ili umbatize," nikasema,
"unataka ushahidi kwamba alibatizwa."
Hapo ndipo alipocheka,
akavua koti.

Sijampa. Sijamnyima.
Tumelifungua kopo kuangalia tu,
na padri, Mungu amrehemu, aliandika Viridiana.

"Verediana," tukasema kwa pamoja,
kidole changu na chake juu ya kosa lile lile,
mchaichai ukipoa.