Kumbukumbu za Kikao

Kazi yangu ni kuandika machache.
Nani kafungua kikao, saa ngapi,
nani katoa hoja, nani kaunga mkono,
mikono mingapi imeinuka.
Miaka kumi na tisa nimekaa pembeni mwa meza ile
katika maktaba ya shule ya Torvik, Minesota,
nikiyakamua maneno ya watu
mpaka likabaki tone moja karatasini.

Jumatatu ya pili ya Januari. Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Wajumbe saba, birika la kahawa,
biskuti za mke wa mwenyekiti ambazo hakuna azigusaye mapema.
Ajenda ya tano: maoni ya wazazi.
Dakika tatu kila mtu. Jina na anwani kwanza.
Kipima muda ni kile cha jikoni, chenye umbo la kuku;
kilinunuliwa kwa dharura, cha umeme kilipoharibika,
na dharura ikawa desturi.

Gordy Stensrud akasimama kusemea nyasi za uwanja wa mpira.
Huzisemea kila mwezi, hata zikiwa chini ya theluji futi mbili.
Nikaandika: Bw. Stensrud, nyasi.

Kisha akaja mwanamke nisiyemjua,
sare ya kiwanda cha bata mzinga ikichungulia chini ya koti,
wavu wa nywele bado kichwani.
Nadhani alikuwa ameusahau, na hakuna aliyemwambia.
Marlys Odegaard, akasema, Barabara ya Kaunti namba tisa.
Kipaza sauti kikapiga mbinja, akarudi nyuma hatua moja
kana kwamba kimemkemea.

Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, imekunjwa mara nne.
Hakuisoma.
Mmefuta basi namba kumi na nne, akasema.
Mnasema ni maili moja na nusu tu, na ni kweli, nimeipima.
Zamu yake huanza saa kumi alfajiri.
Mtoto hujiamsha, hujifungia mlango,
hutembea gizani upande wa kushoto kama alivyofundishwa,
ila katapila likishapita theluji hulundikwa pale pale pembeni,
basi hutembea barabarani, na malori ya nafaka.

Mjumbe mmoja akachungulia simu.
Mwenyekiti Pribyl akaitikia kwa kichwa,
ule mwitikio anaouvaa kila mwezi pamoja na tai.

"Jumanne iliyopita mwalimu alinipigia kazini.
Mtoto kafika na glavu moja.
Nikamuuliza, ya pili iko wapi? Akaniambia, Mama, nili—"

Kuku akalia.

"Asante, Bi. Odegaard."
Sheria ni sheria. Hiyo niliichapa mimi mwenyewe.
Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akaenda kukaa.
Ajenda ya sita, paa. Ya saba, bajeti ya usafiri:
watano wameafiki, wawili wamekataa.
Biskuti zikazunguka.

Usiku nikaandika: Bi. Odegaard alizungumzia usafiri.
Maneno manne, sahihi kabisa.
Nikalala. Nikaamka, nikavaa soksi, nikawasha taa ya jikoni,
nikafuta.
*Bi. Odegaard alisema mtoto wake alifika shuleni na glavu moja.
Alipoulizwa ya pili iko wapi, alijibu, "Mama, nili—"
Muda ulikwisha.*

Februari. Ajenda ya pili: kuthibitisha kumbukumbu.
Karatasi zikafunuliwa. Niliyaona macho yakishuka, yakifika pale,
yakikwama.
"Kuna masahihisho?"
Bomba la joto likagonga ukutani.
Pribyl akaihamisha kalamu yake kutoka kushoto kwenda kulia.
Hakuna aliyesahihisha.
Kwa kura saba bila pingamizi
sentensi isiyokwisha ikapitishwa.

Basi halikurudi. Niandike na hilo.

Lakini safu ya tatu, karibu na rafu ya kamusi,
Marlys alikuwa amekaa, safari hii bila wavu,
jina lake la kwanza kwenye orodha,
na ubavuni pake mvulana wa miaka kama minane,
mikono yote miwili mfukoni.
Nikamchukua yule kuku.
Nikamzungusha taratibu hadi tatu,
halafu, Mungu anisamehe,
kidogo zaidi.