Blanketi la Hakimu

Baridi ya Julai imeshuka Buruburu
na gesi imeisha tangu jana.
Baba yuko sebuleni, kavaa koti la suti
juu ya pajama, anangoja kesi iitwe.
"Karani," ananiambia, "lete jalada."
Namletea gazeti la wiki jana.
Analisoma kalamu mkononi,
anapiga mstari chini ya bei ya saruji.

Miaka ishirini na sita, mingi yake Makadara,
alitenga jema na baya kama apetaye mchele,
punje huku, chuya kule, ungo haujamchosha.
Vifungu alivijua kama majina ya wanawe,
au tuseme kweli, kuliko.
Mezani alitufundisha, ugali ukipoa:
"Bila nia hakuna kosa.
Ng'ombe akivunja ua hashtakiwi.
Hushtakiwa aliyejua, akatenda."
Nami, wa darasa la sita, nilikuwa nimekalia
shilingi kumi za chenji ya dukani.

Hakuwahi kunifunika usiku.
Sisemi kwa uchungu. Alikuwa mtu wa haki,
na haki hailali chumba kimoja na watoto.

Sasa huniita Syokau,
dadake aliyekufa kwa surua kabla ya uhuru.
Juzi aliingia duka la Guyo
akatoka na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni,
akipunga mkono kama mtu aliyelipa.
Guyo hakupiga kelele. Aliandika daftarini.
Nilipokwenda na pesa na aibu yangu
akasema, "Mama, huo si wizi.
Wizi una kichwa. Mzee ametanguliwa na mkono tu."
Nikalipa, nikashukuru,
nikarudi na neno lake kooni kama mwiba wa tilapia.

Maana usiku uleule, saa nane,
nilisikia ndara zake sakafuni.
Nasambu, anayetusaidia kazi,
alikuwa akikohoa katika chumba cha nyuma ya jikoni,
kikohozi kikavu, cha siku ya tatu.
Baba alibeba blanketi lake mwenyewe, lile la kijivu
lenye ukingo mwekundu, akamfunika
toka nyayo hadi begani,
akapachika pindo chini ya godoro
taratibu, kama anayefunga jalada.
Kisha akaenda kulala na koti lake la suti,
akitetemeka.

Asubuhi nilimuuliza. "Blanketi gani?"

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga.
Yeye katenda, kaenda,
na njiani kaudondosha hata wema wenyewe.

Basi nihukumu vipi, mimi binti wa hakimu?
Sukari tumeifuta kwa kuwa hakujua.
Kwa mizani hiyohiyo, nilifute na blanketi?
Nikiliandika, Guyo naye ana haki
ya kurudi kwenye ukurasa wake.
Nimegeuza hivi, nimegeuza vile,
kama chapati iliyokosa mafuta.
Nikamuuliza Nasambu, akikata sukumawiki.
"Mimi nilipata joto," akasema,
"hayo mengine ni ya wenye kukaa vitini."

Liko jambo sijamwambia Guyo, wala Nasambu.
Usiku ule nilikuwa macho.
Nilikisikia kikohozi kabla ya ndara.
Niliijua baridi, nililijua blanketi la pili
juu ya kabati langu, jipya, halijafunguliwa.
Nilijua mpaka neno ambalo Baba angelitumia.
Nilikuwa nikijiambia:
akikohoa mara moja tu zaidi, nitaamka.

Alikohoa mara tisa.