Mkono wa Rangi ya Ufizi

Boksi nililipata Sabasaba, kwenye rundo la mitumba,
kati ya viatu vya mpira na pasi isiyo na waya.
Muuzaji alidhani ni redio iliyofumuliwa.
"Lete elfu sita. Ukiipatia sauti, uniite."
Sikumsahihisha. Nililikumbatia mpaka Chang'ombe
kama trei ya mayai.

Mchana mimi ni fundi wa meno bandia.
Namimina plasta, nakwangua nta,
nawarudishia watu wa Chamwino njia ya kutafuna mahindi.
Usiku, sahani zikishaondoka mezani,
natengeneza jitu.

Pichani lina urefu wa ghorofa sita.
Mezani, shubiri moja na kidole.
Maelekezo ni ya Kijapani, sijui herufi hata moja,
ila namba ni namba, mshale ni mshale:
kumi na mbili huingia saba,
na ikikataa usilazimishe.
Hilo nimefunzwa na magego.

Nakata kwa kikata kucha.
Kipande hubaki na kovu jeupe
pale kilipoachana na fremu.
Msasa mkavu, msasa wa maji, kisha msasa uliochakaa,
mpaka kidole kikipita kisijue
kwamba kitu hiki kilizaliwa kimeshikana na wenzake.

Sechelela hutoka wizarani, huvua viatu, hunitazama.
"Linaongea?"
"Hapana."
"Linachangia Luku?"
Nakaa kimya.
"Basi lisinimalizie umeme."
Lakini soksi yake ndefu iliyotoboka
ameiacha mezani, hajasema ni ya nini.

Hapa rangi haipakwi mchana.
Mwezi wa saba upepo wetu hauna adabu,
hupita chini ya mlango, hupita tundu la ufunguo,
hutua juu ya kifua kilichopakwa sasa hivi
kama mgeni anayekalia kitanda.
Kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri.
Nje ndoo zinagongana, majirani wanavizia maji yatoke,
nami nimebana pumzi, napuliza nyeupe,
safu nyembamba, nangoja, safu nyingine.

Kisha wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti.
Tone moja tu kwenye mfereji wa bega,
nao hukimbia wenyewe hadi kwapani,
mvua ya kwanza ikishuka korongoni.
Kilichofurika nafuta kwa pamba ya masikio.

Nasikia huko kwao huuza vumbi kwenye vichupa,
ili jitu lionekane limetoka vitani.
Mimi langu nimelichekecha kwa soksi ile,
la barabara ya Nkuhungu, jekundu,
na muuzaji ni kila lori linalopita.

Mguu wa kushoto nilikuta umeshaungwa.
Kwenye ugoko, ndani ya gundi iliyokauka,
alama ya kidole. Kidogo.
Cha mtoto, au cha mtu aliyeitwa ghafla jikoni
akasema narudi sasa hivi.
Nililoweka msasa.
Nikauanika tena.

Na mkono wa kulia haukuwamo.
Nilikung'uta boksi, nikarudi Sabasaba,
nikapekua rundo lote huku muuzaji akiuliza,
"Imelia?"
Mkono mtupu haulambwi, wanasema;
hili hata huo mtupu halikuwa nao.

Alhamisi nilikuwa namtengenezea Chiwanga meno ya juu.
Akriliki ikabaki, kiasi cha punje ya njugu mawe.
Nikaichonga kwa kisu cha nta: vidole vinne, gumba,
vifundo ambavyo hakuna atakayeviona.
Vikaiva katika sufuria moja, meno yake na mkono huo.

"Upake nyeupe basi," Sechelela alisema, "unafanana na ulimi."
Sikuupaka.

Jumanne Chiwanga alirudi: yanabana upande wa kulia.
Nikamkwangulia, nikamrudishia.
Akatafuna hewa, akatafuna tena,
akatoa kisamvu kwenye kopo, akala palepale, hata hakuaga.

Jioni nililipa jitu njiti ya kibiriti.
Likaishika.