Tarishi Anayetabasamu

Wiki sita kabla ya mtahini kuvuka kutoka Mokowe
nina watoto watano na chumba kimoja cha juu, Langoni,
ambacho dari yake huangusha chokaa
kila Famau anapokufa.
Famau hufa kwa kishindo, kama gunia la unga,
na mama wa nyumba ya chini hugonga kwa mwiko:
"Mwalimu, huyo mfalume nafe polepole!"

Daraja la Kwanza, Uigizaji wa Tamthilia za Kale.
Sauti, alama thelathini. Mwili, thelathini.
Kukumbuka, ishirini. Kuelewa, ishirini.
Hapo pa kuelewa nimepapigia mstari,
na sijui panafundishwaje.

Kwanza nawafundisha kusimama.
Mtoto wa miaka minane hasimami, hungoja kukimbia.
Tima ana mguu mmoja chini, wa pili unamkuna.
Nasema: simameni kama mwenye hati ya kiwanja.
Mwanamize anauliza: "Na kama hati ni ya uwongo?"

Kisha pumzi. Jazeni tumbo, si mabega.
Punda anapita kichochoroni, analia hadi kuta zinaitika.
Nyamazeni, msikilizeni. Huyo anatumia tumbo.

Kwenye maneno sina kazi kubwa.
Kitabu kimejaa tanbihi:
ndiya ni njia, mato ni macho, mai ni maji.
Lali alizisoma akacheka mpaka akakaa sakafuni.
"Kuna mtu asiyeyua mai?"
Nyumbani kwao lugha ya wafalme
ndiyo ya kumtuma mtoto samli.

Shida yangu ni Bunu.
Bunu ni tarishi. Anatoka vitani, anasimama
mbele ya mama mfalme, Mwanamize, kilemba cha leso,
anasema:

      *Nimekuya, sikuwai,*
      *mato yameyaa mai,*
      *mwana wako hako hai,*
      *vita vimemtukuwa.*

Na anatabasamu.
Meno yote, pamoja na pengo.

Nilimwambia amkumbuke paka wake aliyekufa.
Alisema paka yule alikuwa mwizi.
Nilimpa kioo. Alijipenda.
Nilimkimbiza hadi gatini na kurudi, mara mbili,
aje akiwa hoi kama tarishi wa kweli;
akaja hoi, jasho chapachapa,
na tabasamu limepanuka.
Daftarini, kwa penseli: *Bunu, uso. Bado.*
Kesho yake: *Bado.*
Kurasa nne za bado.

(Mimi daraja hili nililifeli nikiwa na miaka kumi,
kwa kulia kabla ya zamu yangu ya kulia.
Wazazi wao sijawaambia.)

Mtahini alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua,
meza, kengele, chupa ya chai ya tangawizi.
Famau alikufa polepole mno, nikadhani amelala.
Tima alisimama kwa miguu yote miwili.
Bunu akaingia, akasema yote,
akatabasamu.
Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Ngoja, tarishi," mtahini akasema.
"Unaleta habari ya kifo. Mbona unacheka?"

Bunu alinitazama. Sikuwa na jibu la kumpa.

"Hateki," akasema, kisha akajirekebisha: "Hacheki.
Amefika.
Ndiya nzima aliogopa maneno yatamwanguka.
Hakuangusha hata moja.
Huzuni ni ya mama. Yeye kazi yake imekwisha."

Mtahini akapenga kamasi.
Akaandika kitu kirefu, kalamu haikuinuka,
mkono wake wa pili umekikinga
kama mtoto anayeogopa kuigiziwa.

Matokeo hayajaja.
Jana usiku nilifungua daftari, nikachukua kifutio.
Nimefuta *bado* moja tu, ile ya mwisho.
Zile nyingine nimeziacha.
Ni zangu.