Diwani

Aliletwa ndani ya chupa ya soda,
kambare urefu wa kidole changu cha shahada,
ndevu nane, laini kuliko za hindi changa.
Ogada alimnunua Kibos, kwenye mabwawa ya vifaranga,
na njia nzima kuja Migosi
alifungua kizibo mara tatu apate hewa.
Mimi niliyemzaa sikumbuki
kama amewahi kuniuliza ninavyopumua.

Tangi alilichomelea Siganga, fundi wa madirisha:
vyuma vya pembe, na vioo vya duka
lililobomolewa barabara ilipopanuliwa.
Kioo cha nyuma bado kinasomeka BUCHA,
kinyumenyume.

Siku hizo alikuwa na wenzake:
ngege sita wadogo, na wawili rangi ya chungwa
waliokuja na basi kutoka Nairobi.
Sikuwahi kumwona akila.
Tulilala wakiwa tisa, tukaamka wakiwa wanane,
wanane wakawa watano,
na yeye yupo pale pale chini, tumbo limetuna,
macho madogo kama mbegu za papai,
ametulia kama mtu anayepewa habari za msiba
kwa mara ya kwanza.
Alipobaki peke yake hakuna aliyeitisha uchunguzi.
Ndipo tukamwita Diwani.

Kisha Ogada akaenda Dammam, kulinda mlango wa ghala.
Aliniachia ufunguo, deni la pampu,
na karatasi iliyobandikwa ukutani:
*Usimpe ugali. Jumamosi badilisha nusu ya maji.
Usigonge kioo.*

Mimi huuza omena Kibuye.
Gorogoro za watu, na konzi moja ya Diwani.
Majirani huchungulia, humeza mate:
Mama Ogada, huyo mbona hamli?
Amana hailiwi, nawajibu,
nami jioni nakula sukuma.

Stima ikipotea pampu hunyamaza.
Samaki mwingine angeelea tumbo juu kabla ya alfajiri.
Huyu hupanda, akapiga funda moja
la hewa ya sebule yangu, moshi wa jiko na yote,
akashuka nalo gizani.
Namsikia kutoka kitandani. Funda. Kimya. Funda.

Sasa ni mkono wangu mzima, bega hadi kucha.
Akitaka kugeuka hujikunja kama mshipi,
mkia ukapita mdomoni.

Jumapili simu huita.
"Amekula?"
Naielekeza kwenye kioo.
Nyuma ya Ogada naona kitanda juu ya kitanda,
soksi kwenye kamba, mguu wa mtu nisiyemjua ukining'inia.
Huongea kwa kunong'ona, shingo ameinamisha.

Mvua ya kwanza ya masika ilipiga mabati usiku wa Alhamisi.
Nikasikia kitu kikianguka, kama kiatu kilicholowa.
Tochi ikanionyesha njia ya ute sakafuni,
kupita meza, kupita viatu vyangu vya kanisa.
Alikuwa mlangoni,
amejaa vumbi, anajisukuma kwa mapezi
kama mtu anayetambaa kwa viwiko,
ndevu amezipenyeza chini ya mlango
zionje mvua.

Nje mtaro ulikuwa unanguruma.
Mtaro hufika mtoni, mto hufika ziwani,
hilo hata mtoto analijua.

Nilisimama na mkono kwenye komeo.
Muda gani, sijui.
Yeye alitoa sauti ndogo,
kama anayetaka kusema jambo akalimeza.

Nikafungua leso kiunoni, nikamviringisha kama mtoto mchanga.
Alinichoma kwa mwiba wake; kovu hili hapa.
Nikamrudisha.
Juu ya kifuniko nikaweka jiwe la kusagia
la marehemu mama mkwe.

"Hilo jiwe ni la nini?" Ogada akauliza Jumapili.
"Paka," nikasema. "Paka wa Mama Sewe amezidi."
Akacheka. Akaniomba nisogeze simu karibu zaidi.
Nikaisogeza hadi ikagusa kioo.
Wakatazamana, wala hakuna aliyesema neno,
hadi bando likaisha.