Gemu Moja

Ndeonasia Lyatuu alipata raketi yake ya kwanza
kwenye robota la mitumba, soko la Memorial:
nyuzi tano hazipo, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli.
Alikuwa na miaka saba. Baba yake, Anaeli,
ndiye aliyefagia uwanja wa klabu
na kuchora mistari kwa chokaa kila alfajiri,
kabla wanachama hawajaamka.

Uwanja ulikuwa na wenyewe. Ukuta wa ghala la kahawa
haukuwa na mtu baada ya saa kumi na moja.
Pale alipiga. Pa. Pa. Mlinzi akalalamika:
mtoto huyu atatutoboa, wezi wapite.
Plasta ikabanduka, duara la ukubwa wa sinia,
tofali likachungulia kama goti lililochubuka.

Mimi nilikuwa na kumi na tatu, mtoto wa daktari,
viatu vyeupe, mwalimu wa kulipwa.
Tulicheza Jumamosi ya Pasaka, yeye ana tisa.
Sita kwa moja.
Ile moja ni yangu.

Nimeitafuna hiyo moja miaka thelathini na minne.
Alipotwaa ubingwa wa taifa kabla ya kutimiza kumi na tano,
nilisema: huyo nilimfunga gemu.
Alipokwenda Nairobi, Tunis, Dakar,
gazeti likipunguza u moja kwenye jina lake,
nilisema: gemu, jamani. Gemu nzima.
Bega lilipomkatalia, ana ishirini na sita,
na barua ya kuombea pesa ya upasuaji ikalala ofisi fulani
chini ya kikombe cha chai cha mtu,
sikusema kitu. Siku hiyo nilikuwa na wateja.

Sasa amerudi Moshi. Anafundisha watoto wa Njoro na Pasua,
raketi kumi na moja, watoto arobaini;
aliyekosa raketi anapiga kwa kiganja
ili mkono ujue adabu ya mpira.
Nimetoa dukani ndoo mbili za rangi, nikampelekea bure,
na nikamkumbusha gemu yangu.

Alicheka mpaka akashika bega.
"Ule mpira wa mwisho? Ulitoka nje, kaka. Kidole hiki kizima.
Baba aliifuta alama kwa kisigino.
Nililia usiku ule. Akaniambia:
mwachie moja, la sivyo kesho harudi,
nawe utacheza na ukuta mpaka uzeeke."

Nikakaa juu ya ndoo.
Kumbe nilitembea na sadaka mfukoni
nikiiita mshahara.

Ghala limeuzwa, linapakwa upya. Fundi wangu akauliza:
hili shimo tulizibe?
Nikamwambia, paka kote. Hapo pazunguke.

Na jana, zamu yangu ya uamuzi,
binti asiye na meno mawili ya mbele
alipiga mpira ukatua pembeni ya mstari.
Babu, ndani au nje?
Arobaini wamenitolea macho.
Nikaitazama alama. Nikakitazama
kisigino changu.