Rudisha Nyuma

Usiku wa pili wa tamasha, Mbeya, baridi ya Juni.
Shuka limetundikwa ukutani kwenye ukumbi wa parokia,
Ipyana anapuliza vidole kabla ya kugusa projekta.

Filamu ya nne, dakika kumi na moja tu:
kijito cha chini ya Loleza,
kisha mikaratusi, kisha mawe.
Majina yakapanda. Tukapiga makofi
kama ya mkutanoni, nusunusu.

Subilaga hakupiga.
Alisimama, kitenge begani:
“We kijana. Rudisha nyuma.”
Mpaka wapi, bibi?
“Mpaka pale panaposikika.”

Mawe yakapita.
Miti ikazama ardhini mmoja mmoja, kama sindano kwenye godoro,
hadi maji yakaja, yakipanda mlima kinyumenyume.
Hapo Ipyana akaachia.
Tukayasikia.

Hakuna aliyekohoa.
Mabenchi tuliyokalia, mikaratusi mitupu,
yalinuka dawa ya kifua.

“Miche niligawa mimi,” alisema, bado kasimama.
“Mwaka ule wa mradi. Mia mbili kila kaya.
Nikapewa kofia.”

Nje mtu alikuwa anagonga madumu, anapanga foleni.
Ipyana akauliza: niendelee?

“Acha kwanza,” akasema.
“Haijajaa.”